Picha ya Nchi Yetu Iko Mikononi mwa Nani?

Ndugu wasomaji, ninyi mnaochimba dhahabu Namoya na Salamabila, na ninyi wenyeji wa Kabambare, Wamaza na Kasongo, leo hatuandiki juu ya mshahara. Juu ya mshahara tumeandika sana, na tutaandika tena. Leo twaandika juu ya picha.

Huenda mtu atacheka na kusema: "Barabara imekufa, maji hakuna, na hawa makarani wanatuletea habari za picha!" Tunamwomba angoje kidogo. Tunazosema si picha za harusi. Ni zile zinazopigwa kutoka angani, na ndege au na ile mitambo midogo isiyo na rubani, nazo zinaonyesha msitu wetu wote, mito yetu yote, na kila njia ipitayo kati ya kijiji na kijiji. Mwenye picha hizo anaijua nchi kuliko mwenye kuilima. Na mwenye kuijua nchi kuliko mwenyewe, kesho atamwambia mwenyewe ahame.

Sisi makarani wa mgodi kazi yetu ni kuandika, na kwa kuwa tunaandika, tunajua kilichomo makabatini. Katika kampuni moja tuliyopata kuitumikia, ambayo jina lake hatulitaji, tuliandika daftari la vitu vyote: mafuta, misumari, mifuko ya saruji, viatu vya wafanyakazi, na kabati moja la chuma lenye ramani. Orodha ya vilivyomo kabatini tulikuwa nayo. Ufunguo hatukuwa nao.

Siku moja kabati lilifunguliwa, na picha kubwa ikatandikwa mezani ili tuibandike namba. Tuliinama, tukatazama. Tuliona barabara nyembamba kama uzi. Tuliona mabati ya shule yaking'aa. Tuliona kijito ambacho mama zetu huteka maji, nacho hakikuwa na jina lake tunalolijua tangu utoto. Kilikuwa na herufi moja na namba. Tuliona na chemchemi mbili juu ya kilima ambazo watu wa bondeni hawajapata kuletewa hata bomba moja. Tulibandika namba, kabati likafungwa.

Mwezi uo huo shefu wa kijiji kimoja alirudi kutoka mjini amechoka. Alikuwa amekwenda kuuliza namna ya kuuombea msitu wa ukoo wake hati ya Serikali. Aliambiwa: "Mzee, lete ramani." Ramani hana. Alipita katika barabara ileile inayopita mbele ya ofisi yetu akiuliza watu ni nani awezaye kumchorea. Na picha ya msitu wake ilikuwa kabatini, meta mia mbili kutoka pale aliposimama kuuliza. Sisi tulijua, na tulinyamaza, kwa maana mtu mwenye watoto huogopa kufukuzwa kazi. Makala haya ni malipo ya kunyamaza kule.

NAMNA PICHA INAVYOTENGENEZWA

Kwanza tueleze kazi yenyewe, ili mtu asidanganywe kwamba ni uchawi au ni elimu ya Wazungu peke yao. Ndege huruka katika mstari ulionyooka, kwa kimo kimoja, na kamera iliyofungwa tumboni mwake hutazama chini. Inapiga picha moja baada ya nyingine, na kila picha hufunika kiasi cha asilimia 60 ya ile iliyotangulia. Ikifika mwisho wa mstari, inageuka na kurudi kwa mstari wa pili kando ya ule wa kwanza, kama mkulima anavyokata matuta. Hufanywa hasa wakati wa kiangazi, maana wakati wa masika mawingu hufunika kila kitu.

Kwa nini picha zifunikane? Kwa sababu mtu akiziweka picha mbili za mahali pamoja chini ya chombo chenye lenzi mbili kiitwacho stereoskopu, kila jicho likitazama picha yake, vilima huinuka na mabonde hushuka, na miti husimama mbele yake. Hapo anaweza kupima urefu wa miti na kuhesabu vichwa vyake. Katika picha ya kipimo cha moja kwa 40,000, sentimeta moja juu ya karatasi ni meta 400 juu ya ardhi. Siku hizi kompyuta hufanya kazi ya stereoskopu, lakini mpango ni uleule.

Mtu aliyezoea husoma picha hizi kama padri anavyosoma misale. Msitu wa kale huonekana wenye vichwa vikubwa visivyolingana. Shamba lililoachwa hujulikana kwa ule mti wa majani mapana kama mwavuli, unaoota upesi penye mwanga. Miwale huonyesha kinamasi. Mstari wa miti mirefu katikati ya nyika huonyesha kijito, hata kama maji yenyewe hayaonekani. Na pale mwamba ulipopasuka chini ya ardhi, mara nyingi huonekana mstari ulionyooka, majani yake yakiwa mabichi wakati kwingine kumekauka. Hapo fundi wa visima hupenda kwenda kupima kwanza. Picha haioni maji yaliyo chini, lakini inaonyesha mahali pa kuyatafuta, na hivyo huokoa fedha ya kutoboa mashimo makavu.

Basi elimu hii ni njema. Hatuipingi hata kidogo. Tunalopinga ni jambo moja: kwamba tangu mwanzo wake katika nchi hii elimu hii imekuwa ikitutazama sisi kutoka juu, nasi hatukupewa kuitazama hata mara moja.

JICHO LILILOSEMA NCHI NI TUPU

Upande huu wa Kongo watu waliiona ndege kwanza katika vita. Mwaka wa 1916 Wabelgiji waliruka na ndege za majini kutoka Ziwa Tanganyika kwenda kutupa mabomu Kigoma, iliyokuwa ya Wadachi. Vita vikaisha, ndege zikabaki. Mwaka wa 1949 ikaanzishwa Taasisi ya Jiografia ya Kongo ya Kibelgiji, na katika miaka ya 1950 nchi ikapigwa picha kipande kwa kipande. Shirika la kilimo la wakoloni, INEAC, lililoanzishwa mwaka wa 1933, likatoa ramani za udongo na mimea. Zilikuwa kazi za ustadi, hatukatai.

Lakini kabla ya picha kulikuwako sheria. Tarehe 1 Julai 1885 Serikali ya Leopold wa Pili ilitangaza kwamba ardhi yote isiyokaliwa na mtu ni mali ya Serikali. Shamba lililopumzishwa ili udongo upate nguvu, msitu wa kuwinda, mahali pa kuokota uyoga na dawa, makaburi ya wazee: vyote hivyo viliitwa vitupu. Kisha watu wa Maniema wakaondolewa porini na kuwekwa kando ya barabara, ili mtoza kodi awafikie upesi na ili walime pamba kwa lazima. Halafu ndege ikapita juu na kupiga picha. Ikaona nini? Barabara yenye nyumba, na nyuma yake msitu usio na watu. Wakasema: "Mnaona? Nchi ni tupu."

Ndugu, huo ni ujanja gani? Kumtoa mtu nyumbani mwake, kisha kuipiga picha nyumba yake, na kusema haikai mtu!

Lakini tusikieni jambo ambalo waliopiga picha hizo hawakulikusudia. Katikati ya msitu unaoitwa mtupu, picha huonyesha vichwa vya michikichi, vyenye umbo la nyota, vimekusanyika pamoja. Mchikichi haupendi kivuli cha msitu mkubwa. Mahali unapoonekana kundi la michikichi mirefu ndani ya pori, hapo palikuwa na kijiji. Tulimwonyesha mzee mmoja picha ya namna hiyo iliyochapwa kwenye karatasi. Hakujua kusoma. Aliigeuza mara mbili, akatafuta mto, akaupata, akaufuata kwa kidole, akafika penye michikichi, akasema: "Hapa alizaliwa baba yangu." Kisha akataja majina ya nyumba moja moja. Karatasi ambayo ingetumiwa kumnyang'anya ilikuwa shahidi wake. Shahidi huyo amefungiwa kabatini miaka yote hii.

JICHO BILA MIGUU

Kuna wanaosema: "Waachieni wataalamu, wao wanajua." Tunawajibu kwa habari iliyotokea ng'ambo ya ziwa. Mwaka wa 1946 Waingereza walituma tume Tanganyika kutafuta ardhi ya kulima karanga. Tume ilizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege. Kutoka juu waliona tambarare pana yenye vichaka, wakaona kufyeka ni jambo jepesi. Hawakukaa na Wagogo wa Kongwa kuwauliza mvua hunyesha namna gani na udongo huwaje jua likiwaka. Matrekta yakaja. Mizizi ya vichaka ikayavunja. Udongo ukakauka ukawa kama saruji, karanga zikakwama ndani. Na mvua ikakataa kuja. Ulipofika mwaka wa 1951 Serikali ya Uingereza ilikuwa imefuta hasara ya pauni milioni 36 hivi. Mgogo yeyote mwenye jembe angewaambia bure.

Na wataalamu wa kweli wanakiri jambo hilo. Katikati ya miaka ya 2010 ndege zilipita juu ya misitu ya Kongo zikiwa na chombo kiitwacho laida, ambacho hupima urefu wa miti kwa mwanga. Zilipima viwanja 216, jumla yake zaidi ya hekta 432,000, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2017. Ilikuwa kazi ya kujua ni kaboni kiasi gani iliyomo katika misitu yetu, ambayo dunia sasa inaihesabu kama mali. Lakini hata mashine hiyo ya thamani haikuweza kusema neno mpaka watu waliposhuka chini na kupima miti kwa mikono, katika vipande 92 vya hekta moja moja. Jicho la juu bila miguu ya chini ni kipofu. Nasi tunauliza: anayeujua mti kwa jina, anayejua mto gani hukauka mwezi wa Agosti na upi haukauki, ni nani kama si mwenyeji? Basi kwa nini mwenyeji huchukuliwa tu kubeba mizigo na kukata njia, kisha hulipwa chumvi na kuambiwa kwaheri?

MAKABATI YA MBALI

Kabati lile la kampuni ni dogo. Liko kubwa zaidi. Picha za ndege za wakati wa ukoloni, kwa maelfu mengi, pamoja na nyaraka nyingi za jiolojia ya Kongo, zimehifadhiwa Ubelgiji, katika jumba la Tervuren. Ni jumba lililozaliwa kutokana na maonyesho ya mwaka wa 1897, ambapo Wakongo 267 walipelekwa kutazamwa na umati, na saba kati yao wakafia huko. Hatusemi kwamba watu wanaofanya kazi humo leo ni waovu. Wako wataalamu huko, na Wakongo pamoja nao, waliozichukua picha za mwaka wa 1958 na kuzilinganisha na picha za sateliti, wakaonyesha jinsi misitu ya Kivu ilivyokatwa na jinsi maporomoko ya ardhi yalivyopata nafasi ya kuua watu. Hiyo ni kazi ya kuokoa roho.

Lakini tazameni nani anayebisha mlango leo. Mwezi wa Julai 2025 Serikali ya Kinshasa ilitia sahihi mapatano ya awali na kampuni ya Marekani, KoBold Metals, inayotafuta madini kwa kompyuta na kuwa na fedha za matajiri kama Bill Gates na Jeff Bezos. Na nyaraka za jiolojia zilizoko Tervuren zilitajwa ndani ya mapatano hayo. Kampuni inajua thamani ya karatasi za kale. Inazitaka. Inazifuata mpaka Ulaya. Je, ni nani aliyezifuata kwa ajili ya mama anayeteka maji Salamabila? Ni nani aliyesema: "Na nakala moja iletwe Kabambare"?

Hatukatai madini yachimbwe. Sisi wenyewe twala kwa dhahabu. Twasema tu kwamba tajiri asiwe peke yake mwenye macho. Watu wawili wakikaa mezani kupatana juu ya ardhi, mmoja ana picha na mwingine ana kumbukumbu za babu yake tu, hayo si mapatano.

SHERIA IKO UPANDE WETU

Wako watakaosema kwamba tunachochea watu. Tuwajibu kwa sheria ya Jamhuri yenyewe. Kifungu cha 9 cha Katiba ya mwaka wa 2006 chasema kwamba Taifa lina mamlaka ya kudumu juu ya ardhi, vilivyo chini ya ardhi, maji, misitu na anga la Kongo. Anga nalo limetajwa! Basi anayeruka katika anga letu kuipiga picha nchi yetu anaruka ndani ya mali ya wananchi. Na kifungu cha 58 chasema kwamba kila Mkongo ana haki ya kufaidi utajiri wa nchi.

Sheria ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inakubali kwamba jamii ya wenyeji inaweza kupewa msitu ilioushika kwa desturi tangu kale. Amri namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 ikafungua mlango: jamii inaweza kupewa msitu wake mpaka hekta 50,000, bila kuununua, na kwa daima. Hekta 50,000, ndugu! Ni kilomita za mraba 500. Hakuna mkoloni aliyepata kuandika neno kama hilo. Lakini mlangoni pana kizingiti: jamii ionyeshe msitu wake katika ramani. Yule shefu wetu alikwama hapo. Sheria imempa nyumba, na ufunguo wa nyumba uko katika kabati la mtu mwingine.

Na maji yana sheria yake tangu tarehe 31 Desemba 2015. Na Sheria ya Migodi, ilivyogeuzwa mwezi wa Machi 2018, yaagiza kwamba katika kodi ya madini asilimia 15 iende kwa utawala wa mahali yanapochimbwa, na kwamba kampuni itenge sehemu ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Mara ngapi tumesikia fedha hizo zinajadiliwa katika mikutano ya soda na biskuti? Kijiji kinaomba kisima, kinapewa kibanda cha mikutano. Kinaomba maji, kinatobolewa shimo penye mwamba mkavu kwa sababu lori lilifika hapo kwa urahisi. Kama ramani ya maji ingekuwa mezani, nani angethubutu kufanya hivyo mchana?

NA SISI TUNA MAKOSA YETU

Tusilaumu wengine tu. Kuna wenzetu ambao wakiona mtambo mdogo unaruka juu ya msitu huokota mawe. Twajua sababu yao. Mashariki mwa Kongo mitambo hiyo imekuja na vita; tangu Desemba 2013 Umoja wa Mataifa uliirusha kutoka Goma kupeleleza, na baada yake wengine wameirusha wakiwa na nia ya kuua. Mtu aliyekimbia mara tatu katika maisha yake hawezi kulaumiwa akikimbia mara ya nne. Lakini jiwe haliwezi kufuta picha. Sateliti zinapita juu ya vichwa vyetu kila siku, na hakuna jiwe linaloweza kuzifikia. Swali si kama tutapigwa picha. Tumekwisha kupigwa. Swali ni kama tutaziona.

Kuna na wenzetu wengine, waliosoma pamoja nasi kwa mapadri, ambao wakipata ramani huifanya biashara. Wanamwuzia mchimbaji tajiri habari ya kijito chenye dhahabu, naye anakuja na mashine na kukigeuza tope, na watoto wa ndugu zao wanakunywa tope hilo. Hao tunawaambia wazi: mkoloni alikuwa mgeni, ninyi mna udhuru gani?

Kuna na wale waheshimiwa wanaokuja kuomba kura wakiwa na picha zao wenyewe zimechapwa kwenye kanga na fulana. Picha yao tunayo. Picha ya mto Luama hatuna.

ZANZIBAR WALIFANYA

Mtu asituambie kwamba Mwafrika hawezi kazi hii. Mwaka wa 2016 Zanzibar ilianza kupiga picha visiwa vyake vya Unguja na Pemba. Hawakukodi ndege kubwa ya kigeni. Kamisheni ya Ardhi, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na msaada wa Benki ya Dunia, walichukua vijana wanafunzi, wakawafundisha kurusha mitambo midogo isiyo na rubani. Vijana hao, wanaume kwa wanawake, walikwenda shamba kwa shamba, wakaeleza watu kazi yao, wakarusha, wakakusanya, wakaunganisha picha. Picha zikawekwa wazi ili kila mtu azitazame. Wanazungumza Kiswahili kama sisi. Wanakula muhogo kama sisi. Hawana vichwa viwili.

Dar es Salaam nako, tangu mwaka wa 2015, wanafunzi na wenyeji wa mitaa walichora ramani za mitaa inayofurika katika kazi waliyoiita Ramani Huria. Mwenye nyumba alisimama mlangoni akionyesha kwa mkono mpaka wapi maji yalifika, na mwanafunzi akaandika. Hiyo ndiyo ndoa ya jicho la juu na miguu ya chini.

Na sisi je? Picha za sateliti za Landsat hutolewa bure tangu mwaka wa 2008. Zile za Sentinel za Ulaya hutolewa bure vilevile, na alama moja katika picha yake ni meta kumi juu ya ardhi. Hazitoshi kuhesabu mti mmoja mmoja, lakini zinatosha kuonyesha msitu umekatwa wapi na mto umepanuka wapi. Mwalimu mwenye kompyuta moja na umeme wa jua anaweza kuanza. Kinachokosekana Kabambare si akili.

Msione kwamba ni mambo ya starehe. Mwezi wa Mei 2023, Kalehe, huko Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilishusha mito juu ya Bushushu na Nyamukubi. Waliokufa walipita 400, bila kuhesabu wale ambao miili yao haikuonekana. Maji yale hayakutoka mbinguni moja kwa moja mpaka kitandani mwa mtu. Yalipita katika mabonde ambayo picha huyaonyesha, chini ya vilima vilivyokatwa miti. Ramani ya maji ni ya kuchota, na pia ni ya kukimbia.

TUNATAKA NINI

Tunasema mambo manne, na tunayasema polepole ili yasikike.

Kwanza: kampuni yoyote, shirika lolote, la madini, la kaboni, la mbao au la wanyama, likipiga picha nchi ya Kabambare au Kasongo kutoka angani, liache nakala katika ofisi ya Teritwari na nakala katika kila sekta, mahali ambapo shefu, mwalimu, mkulima na mchimbaji anaweza kuingia na kutazama bila kuomba ruhusa kwa mtu wa kampuni.

Pili: Serikali idai nakala za picha za kale zilizoko Ubelgiji, nazo zisiishie Kinshasa. Zifike Kindu, kisha zifike kwetu. Picha ya kijiji cha baba yetu si siri ya Taifa.

Tatu: hakuna ramani ya msitu wala ya maji itakayokubaliwa bila wenyeji kutembea mipaka yake na kuyaandika majina yake ya kweli. Kijito kina jina. Kilima kina jina. Atakayeandika herufi na namba aandike na jina kando yake. Na mwenyeji atakayetembea alipwe kama mtaalamu, kwa maana mtaalamu ndiye yeye.

Nne: katika fedha ile ya migodi inayotakiwa kurudi kwa wenyeji, kwanza wafundishwe vijana kumi, wanawake na wanaume, kusoma picha hizi na kuzipiga. Na ramani ya kwanza watakayoichora iwe ya maji ya kunywa. Ramani ya dhahabu wengine wanayo tayari.

Ninyi wafanyakazi wa mgodi, mko karibu na makabati kuliko mtu yeyote. Hatuwaambii mwibe. Mwizi hana haki ya kudai. Tunawaambia muulize, kwa mdomo na kwa barua, katika chama chenu cha wafanyakazi na katika kila mkutano: "Picha ya kijiji chetu iko wapi, na tutaiona lini?" Mtu mmoja akiuliza atafukuzwa. Mia tano wakiuliza watajibiwa.

Na wewe shefu uliyerudi na miguu yenye vumbi, usichoke. Waite wazee waijuao mipaka kabla hawajatutoka. Waite vijana wajuao kuandika. Tembeeni mto kwa mto, kilima kwa kilima, hata kwenye michikichi ya baba zenu. Chukueni daftari la shule. Sisi makarani tutakuja siku ya Jumapili, baada ya Misa na baada ya sala ya adhuhuri, na kalamu zetu. Safari hii hatutanyamaza.